Kofia Yangu Ukutani kwa Jirani

Ukitaka kujua kama siku hiyo nilikuwa na kazi ya maana, hukuwa na haja ya kuja kwangu. Ulipita tu mbele ya karakana ya jirani yangu, ukatupa jicho ukutani. Kama kofia yangu ilikuwa imetundikwa pale, basi kazi ilikuwepo, na ilikuwa imenishinda mpaka nimekwenda kuazima. Mtaa mzima wa Madungu uliijua kofia ile. Mke wangu ndiye aliyeishona kwa mkono wake, viua vya mduara na ukingo wa uzi wa rangi ya samli, na Chake Chake yote hakuna mwengine mwenye mshono ule. Kwa hiyo hapakuwa na pa kujificha.

Mimi ni seremala. Jirani naye alikuwa seremala, amenizidi umri, na karakana zetu zilipakana kwa ukuta mmoja wa matofali. Nilimwita jirani, naye aliniita jirani, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa. Jina lake watu wamelisifu kiasi cha kutosha, masikio yangu yamechoka nalo. Na niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki: nilimwonea wivu mtu yule. Haukuwa wivu wa kupita. Nilikula nao, nikalala nao, nikaamka nao.

Wivu wenyewe haukuwa juu ya mashine zake. Msumeno wa meza alikuwa nao na mimi ninao. Randa ya umeme, drili, ruta ya kuchongea kingo, vyote hivyo nilikuwa navyo, tena ruta yangu ilikuwa mpya kuliko yake. Wivu ulikuwa juu ya ukuta.

Mashine ina watoto wake. Msumeno una diski za kupasulia na diski za kukatia, una spana ya kufungulia, una vijiti vya kusukumia mbao ili vidole visiende kule kwenye meno. Drili ina biti na ufunguo wake. Ruta ina biti chungu nzima, ndogo ndogo, kila moja na umbo lake. Kwangu watoto hao wote walilala ndani ya ndoo ya rangi. Nikitaka kitu natia mkono, natoa kisichokuwa, narudisha, natia tena, natoka na kidole kina damu. Biti ziligongana zikapoteza makali. Ufunguo wa drili nilikuwa nautafuta mpaka mteja anaamua kurudi kesho.

Kwa jirani ukuta wote wa upande ulikuwa nyumba ya vitu hivyo. Alipasua mbao ndefu kwa mshazari, akapata nusu mbili zinazolaliana. Nusu moja aliifunga ukutani kwa skrubu, kutoka pembe hadi pembe, safu juu ya safu. Nusu ya pili aliikata vipande, akavifunga nyuma ya visanduku, vibao na rafu ndogo ndogo. Kisanduku unakiinua, unakilaza juu ya ubao wa ukutani, kinakaa. Ukitaka kukihamisha unakiinua tena unakipeleka pengine, huhitaji nyundo wala msumari. Vigingi vya kutundikia diski alivichonga kwa mti wa mkarafuu uliokufa, vigumu, havipindi. Biti za ruta zilisimama katika kibao chenye matundu, kila moja ndani ya tundu lake, kichwa juu. Nyuma ya vyote aliacha nafasi hewa ipite, kwa sababu masika ya huku yanaotesha kutu hata juu ya chuma kilichotiwa mafuta.

Kisha akafanya lile jambo lililonimaliza. Alichukua rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka mlango wa msikiti, akachora nyuma ya kila kitu umbo lake. Spana ikiwa mahali pake, huoni rangi. Ikitolewa, spana ya kijani inabaki ukutani inakutazama. Watu waliingia kuagiza kabati wakasimama mbele ya ukuta wakalisahau kabati. Vijana walipiga picha kwa simu wakatumiana. Mzungu mmoja mwenye kofia ya majani alisimama pale mpaka akaletewa kiti. Kwangu hakuna aliyewahi kusimama ila aliyeuliza, "Jirani yako yupo?"

Sasa nieleze habari ya kofia. Jirani aliazimisha kila kitu kwa kila mtu. Hakuwa na choyo, nampa haki yake. Fundi wa Machomane, fundi wa Wawi, hata wale waliotoka Wete wakiwa na kazi mjini, wote walimjia. Lakini lilikuwepo sharti. Chini ya kila umbo la kijani palikuwa na kigingi kitupu, na ukichukua kitu, unavua kofia yako unaitundika pale. Hakuna kofia, hakuna spana.

Siku ya mwanzo nilidhani mzaha.

"Jirani, naja kuazima, sikuja kuweka rehani," nilimwambia.

"Si rehani, jirani. Kofia n'yako, siitaki," alisema. "Lakini Adhuhuri itaadhiniwa, weye utajishika kichwa utakuta hamna kitu. Ndipo utakapokumbuka kuwa una spana ya watu."

Alikuwa amepiga hesabu sawasawa, na hilo liliniudhi zaidi. Kuswali kichwa wazi hakuharamishwi na mtu, najua, lakini huku kwetu mtu mzima akiingia msikitini bila kofia anajiona kama aliyesahau shati. Basi kabla ya adhana utaona mafundi wanakuja mbio, huyu na diski, huyu na biti, wanarudisha na kuvaa. Tangu aanze mtindo ule hakupotelewa na hata kijiti. Na mimi ambaye karakana yangu iko pale pale, ambaye ningepaswa kuwa na aibu kuliko wote, ndiye niliyekuwa mteja wake mkubwa. Nikichelewa kurudisha nikaenda msikitini kichwa kitupu, safu ya nyuma inaanza.

"Leo n'nini? Diski au ufunguo?"

"Muulizeni taratibu, huenda kaazima mashine nzima."

Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa naungua. Na ndipo lilipozaliwa jambo ambalo nililitaka kuliko nilivyotaka wateja. Nilitaka siku moja, hata siku moja tu, jirani avue kofia yake aitundike ukutani kwangu. Achukue kitu changu, watu wapite waione kofia ya mzee yule inaning'inia kwangu, na safu ya nyuma imuulize yeye. Baada ya hapo ningesema nimepoa.

Alikuwa mtu wa ajabu, na ningependa nimseme vibaya zaidi ya hivi nitakavyomsema. Alizungumza na vyombo vyake. Akimaliza kufunga diski aliipangusa spana kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, akaiambia, "Haya, nenda kwenu," akaitundika. Kila kitu alikiambia hivyo. Biti, nenda kwenu. Kijiti, nenda kwenu. Hata kipande cha msasa kilichobaki ukubwa wa kiganja kilikuwa na kwao. Mimi upande wa pili wa ukuta nilikuwa naisikia sauti ile mchana kutwa, na mimi nimeinama juu ya ndoo.

Mtu huyo huyo hakuwahi kutoka msikitini na viatu vyake. Wallahi, sikumbuki. Aliingia na ndala za buluu akatoka na za kahawia, au ya buluu mguu mmoja na ya kahawia mguu mwengine, anakwenda zake anaitikia salamu. Watu walishazoea. Aliyekosa ndala zake alikwenda moja kwa moja karakana kwake, akazivuta miguuni mwake naye amesimama anapiga randa. Miwani yake aliitafuta nayo iko juu ya kofia. Mkewe, Bi mwenye kicheko kikubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliwahi kumtuma samaki akarudi na muhogo, akamtuma tena akarudi mikono mitupu na habari ya mtu aliyekutana naye njiani. Ilikuwa shida kuamini kwamba mtu yule na ule ukuta ni wa nyumba moja.

Kahawa alikunywa kwangu bila kualikwa na sukari alinikataza. Mashairi ya harusini aliyajua mengi, lakini alikuwa anayakatisha katikati na kuanza mengine. Hakumsifu mtu usoni. Ukimwonyesha kazi yako alipitisha kidole gumba kwenye ungio, akauliza habari za watoto.

Wema wake nao ulikuwa unaniuma. Iko siku alikuja mama mmoja kutoka upande wa Kiuyu, binti yake anaolewa, anataka kitanda cha miguu ya kukereza. Alikuja kwangu kwanza. Nimeshachukua vipimo, tumeshakubaliana aina ya mbao, ghafla akaomba apite hapo jirani mara moja aangalie. Nikajua yamekwisha. Alipoingia kule nilimsikia kupitia ukuta anasema, "Mashaallah! Mashaallah!" Sikungoja. Nilikunja karatasi ya vipimo nikaitupa.

Baada ya kitambo mama yule alirudi, uso umemshuka kidogo.

"Amenambia nirudi kwako," alisema. "Eti miguu ya kitanda wewe waikereza kuliko yeye."

Mtu mwengine angefurahi. Mimi nilikikereza kitanda kile nimenuna kutoka mguu wa mwanzo mpaka wa mwisho. Nilitaka mteja anichague mimi, na yeye akanipa mteja kama anavyonipa spana. Mke wangu alinisikiliza nikilalamika, sindano yake inaingia na kutoka kwenye kofia mpya ya mtu.

"Kwani kakukosea nini mzee wa watu?" aliuliza.

"Hajanikosea. Hilo ndilo kosa lake."

"Basi jenga na weye ukuta wako unyamaze."

Nikaujenga. Sikutaka kumuuliza unavyojengwa, ningekufa kwanza. Nilikwenda kwake na kikombe cha kahawa, nikajifanya nazungumza habari za mvua, jicho langu linapanda na kushuka kwenye zile mbao za mshazari. Visanduku vyake havikuwa vinaazimishwa, ni vilivyomo ndani tu, kwa hiyo mgongo wa kisanduku sikuwahi kuutia mkononi. Nikarudi kwangu kichwa kimejaa, nikapasua mbao, nikafunga, nikapanga. Nilifanya kwa haraka ya mtu anayetaka kuonekana.

Nilizifunga kinyume. Mshazari unatakiwa uteremke kuelekea ukutani, ili kisanduku kikilala kivutwe ndani na uzito wake wenyewe. Mimi niliuelekeza nje, huku chumbani. Nilipoona visanduku vinateleza sikujiuliza kwa nini, nilivikaza kwa msumari mwembamba. Vikakaa. Nikavipanga vitu vyangu vyote, nikaimwaga ile ndoo, nikafungua mlango wa mbele wazi kabisa watu waone. Kisha nikawasha msumeno.

Mashine ilipoanza kutetemeka na ukuta nao ukatetemeka. Kisanduku cha juu kilianguka kikapiga cha chini, cha chini kikaondoka na mwenziwe, na safu nzima ikaja sakafuni, biti zinaruka mpaka barabarani. Bodaboda alisimama. Mwenye duka la mkabala alitoka na kibao chake cha hesabu mkononi. Nami nimesimama katikati na kofia yangu kichwani, safari hii sikuwa nimeazima kitu.

Jirani alikuja, akasimama mlangoni. Nilimngoja acheke, ili nipate neno la kumjibu. Aliangalia sakafu, akaangalia mbao zangu, akasema, "Pole, jirani. Vidole salama?" Akainama akaokota biti zilizofika barabarani, akazipangusa kwa ncha ya shati lake moja moja, akaniwekea mezani. Akaenda zake.

Asubuhi nilipofungua nilikuta juu ya kizingiti vipande viwili vya mbao, vifupi, vimekatwa mshazari na kulazwa kimoja juu ya kingine namna inavyotakiwa. Hapakuwa na neno. Nilivishika nikavigeuza, nikaelewa papo hapo, na nikaona haya na hasira kwa pamoja. Hata kukosea peke yangu hakuniachia.

Basi mara ya pili niliujenga ukuta sawasawa, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaingia, niliingia mzima mzima. Nilifanya kama wake. Diski juu kushoto, vijiti vya kusukumia chini yake, biti za ruta usawa wa macho, spana ya msumeno karibu na mlango. Vigingi vya mkarafuu. Nafasi ya hewa nyuma. Rangi ya kijani nilikwenda kuiomba msikitini kwenye kopo lile lile, nikachora maumbo. Na chini ya kila umbo nikapigilia kigingi cha kofia. Kile kilicho chini ya spana nilikipiga msasa mpaka kikawa laini kama kijiti cha mswaki, kwa sababu nilikuwa najua kinangojea kofia ya nani.

Nikangoja. Mafundi wakaanza kuazima na kwangu, kofia za watu zikaanza kuning'inia, mambo yakaninyookea. Yeye hakuja. Nilimwagizia binamu yangu anayekwenda Dar biti ya ruta ya umbo la wimbi, isiyokuwepo Pemba nzima, nikaisimamisha mahali atakapoiona. Alipokuja kunywa kahawa aliiona. Aliivaa miwani, akaitazama.

"Nzuri," alisema. "Itunze."

Mwezi ule ule alipata kazi ya milango yenye wimbi ukingoni. Nikasema leo! Nikaiweka biti ile mezani kabisa, nimeshaipangusa. Upande wa pili wa ukuta nikasikia randa ya mkono, krr, krr, taratibu, mpaka Alasiri. Wimbi lote alilitoa kwa mkono. Mara nyengine ulikatika mkanda wa mashine yake, nami nina wa akiba unaning'inia unaonekana na kila apitaye. Alifunga karakana akapanda meli kwenda Unguja kununua.

Hapo nilishindwa. Aliporudi nilimfuata.

"Jirani, nikuulize. Kitu changu kina najisi?"

"Astaghfirullah. Kwa nini?"

"Watu wote waazima kwangu. Weye huji."

Alivua miwani akaitia mfukoni, kisha akaanza kuitafuta juu ya kofia.

"Miye naogopa, jirani," alisema. "Kitu cha mtu kikiingia mkononi mwangu sitakumbuka kuwa n'cha mtu. Weye waniona na ndala za watu kila siku. Ule ukuta nimeujenga kwa sababu kichwa changu hakiweki. Nisingeujenga, ningekuwa nakata mbao kwa meno."

Nikacheka kwa hasira. Nilidhani ananikwepa kwa maneno matamu, mtu aliyejenga kitu kile aniambie hana kichwa. Nilikwenda kumwambia mke wangu, "Sikia maringo ya mzee huyu." Mke wangu hakucheka. Alisema huenda kasema kweli, nami nikamwambia yeye siku zote yuko upande wake.

Kisha mkewe alifariki, na baada ya hapo alianza kuchelewa kufungua. Wakati mwengine alifungua akakaa tu, mkono wake uko juu ya msumeno uliozimwa. Niliona umbo la kijani la spana liko wazi siku nzima, hakuna kofia chini yake, na spana yenyewe iko mfukoni mwake anaitafuta. Nilivuka nikaitoa mfukoni nikaitundika. Alinishukuru kwa jina la mtu mwengine. Binti yake, mwalimu wa skuli, alikuja akamchukua kwenda kukaa naye Machomane. Mashine zilichukuliwa na fundi wa Wete. Ukuta ulivunjwa, mbao zikaenda mahali nisipopajua, na pale pakawa duka la vitambaa lenye mlango wa kioo na sanamu ya kike isiyo na kichwa.

Mtu angesema hapo wivu wangu ungekufa. Nilibaki peke yangu, wateja wake wakawa wangu. Lakini kila aliyeingia alisimama mbele ya ukuta wangu akasema, "Huu kama ule wa yule mzee." Nilikuwa naupangusa kwa mafuta ya cherehani kila jioni, naushika mimi, naujaza mimi, na bado ulikuwa wa mzee.

Sasa niseme siku alipokuja.

Ilikuwa asubuhi yenye jua, baada ya mvua ya usiku. Nilikuwa nimeinama nyuma ya kabati la mtu natia bawaba. Nilisikia ndala, nikainua kichwa, nikamwona amesimama mlangoni, kanzu yake safi, kofia yake kichwani, miguuni ndala moja ya buluu na moja ya kahawia. Alipita duka la vitambaa bila kulitazama. Alivuta pumzi, akaisikia harufu ya vumbi la mbao, akaingia moja kwa moja.

"Assalaam aleikum, jirani," nilisema nikiinuka.

"Waaleikum salaam," alijibu, lakini alikuwa anaujibu msumeno.

Aliupapasa mgongoni. Aliinama akaitazama diski, akatikisa kichwa kwa kutoridhika. Bila kugeuka, bila kutafuta, mkono wake ulikwenda nyuma kushoto, karibu na mlango, ukaitwaa spana yangu pale pale ilipo. Umbo la kijani likabaki wazi. Chini yake kile kigingi nilichokipiga msasa miaka yote ile kilikuwa kitupu, na kofia yake ilikuwa shubiri moja tu kutoka hapo.

Ndiyo kwanza! Jirani ana kitu changu mkononi. Nilingoja avue. Sioni haya kusema kwamba nilingoja, na mzee yule yuko vile.

Hakuvua. Kwa nini avue? Alikaza nati ya msumeno wangu nusu mzungusho, ikawa sawa, nami nilikuwa sijui kama imelegea. Aliitoa leso mfukoni akaipangusa spana. Aliutazama ukuta kutoka pembe mpaka pembe, diski, vijiti, biti zimesimama katika matundu yake, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyerudi safari akakuta hakuna kilichoguswa. Kisha akaniona mimi.

"Ah, jirani," alisema, na alicheka. "Mapema leo. Haya, wataka kuazima nni?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nalo lilikuwa la kweli: hapa ni kwangu. Ningemwonyesha mlango wa kioo na sanamu isiyo na kichwa. Ningemwambia ukuta huu nimeujenga mimi, kwa mikono yangu, mara mbili. Wivu ulinipanda kama siku ya mwanzo, kwa sababu niliona wazi kwamba hata humu ndani, penye leseni yenye jina langu, mwenye nyumba ni yeye.

"Spana, jirani," nilisema. "Spana ya msumeno."

"Kofia."

Nikaivua. Nikaitundika kofia aliyonishonea mke wangu juu ya kigingi nilichomchongea yeye, chini ya umbo la kijani. Aliiangalia kwanza kama imekaa vizuri, ndipo akanipa spana yangu, kwa mikono miwili.

"Adhuhuri i karibu," alisema. "Usichelewe nayo."

Binti yake alitokea mlangoni anahema, buibui limejaa tope, ametafuta njia nzima.

"Baba! Shikamoo mjomba, niwie radhi, katoka bila kuniambia. Baba, twende kwetu."

"Niko kwetu hapa," alimwambia, na hakukasirika. "Ngoja huyu jirani arudishe kitu chake."

Binti alimshika mkono taratibu, akamwambia chai inapoa, naye akakubali kwenda mara moja na kurudi. Nilisimama mlangoni nikawatazama mpaka wakapinda kwenye kona. Nyuma yangu kofia ilikuwa ukutani na spana ilikuwa mkononi. Ningeweza kuitundika spana, nikavaa, nikafunga mlango. Kumrudishia nani sasa, na yeye ameshaondoka? Nikaitia mfukoni.

Adhana ilipolia nilikwenda msikitini kichwa wazi. Safu ya nyuma haikuwa imeniona hivyo kwa muda mrefu.

"Lo! Umeazima nini tena?"

"Spana," nilisema.

"Kwa nani? Si weye tu uliyebaki Madungu?"

"Kwa jirani," nilisema, nikaingia safuni.